Mwite msanifu kabla hujalipia kiwanja

Wawekezaji wengi wapya humtafuta msanifu majengo wakiwa na hati mkononi. Kama kuna kosa kwenye kiwanja, wakati huo limeshalipiwa. Mlipe achore mchoro wa awali tu, kabla hujanunua, uone kiwanja kinabeba nini.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Tuseme kanuni za ujenzi zinataka uache mita 6 mbele na 3 pande nyingine tatu: unabaki na 14 kwa 21, yaani mita za mraba 294. Muuzaji anakutajia 600. Na hapo bado hujaweka maegesho.

Halafu muulize msanifu: kila sakafu ina mita ngapi za kupangisha? Korido, ngazi na unene wa kuta havilipi kodi. Mchoro unaopangishika kwa asilimia 75 unakupa kama mita 220 katika zile 294. Wa asilimia 85 unakupa karibu 250. Kwa sakafu nne, tofauti inazidi mita 110: fleti mbili za mita 55, ndani ya jengo lenye ukubwa uleule. Mara nyingi mlaji wa nafasi ni korido inayohudumia vyumba vya upande mmoja tu. Ukiipitisha katikati inahudumia pande mbili, ila hakikisha kila chumba cha kulala bado kina dirisha la nje.

Nguzo nazo zina hesabu yake. Ukiegesha magari chini ya jengo, kila gari linataka upana wa kama mita 2.5. Nafasi wazi kati ya nguzo ikiwa mita 6.6, yanaingia magari mawili na mita 1.6 inapotea, ikiwa 7.5, yanaingia matatu. Zege likishamwagwa hakuna marekebisho, kwa hiyo msanifu na mhandisi wakae meza moja mapema. Vyoo vipangwe choo juu ya choo. Ukikihamisha cha juu, bomba la majitaka litapita darini mwa sebule ya mpangaji wa chini, na siku likivuja utajua.

Usichukue ramani ukaachana na msanifu. Andikeni kwenye mkataba ziara zake saiti: kabla ya zege la msingi, kabla ya kila slabu (sakafu ya zege), na kabla plasta haijafunika mabomba. Anayebana ada hukata ziara hizi kwanza, na hapo ndipo fundi husogeza ukuta sentimita 30 kwa hiari yake, kabati likakosa pa kukaa. Fungu la mwisho la ada lishikilie mpaka akukabidhi michoro ya jengo kama lilivyojengwa.