Ikanushe sentensi kwanza

Dada, umeuliza kwa nini "Ali ameacha kula miraa" isihesabiwe kuwa inalazimisha tu "Ali alikuwa akila miraa" (yaani ya kwanza ikiwa kweli, ya pili haina budi kuwa kweli), mpaka hiyo ya pili tuiite dhana tangulizi. Kulazimisha yalazimisha, hapo hujapotea. Ila kuna zaidi. Ikanushe: "Ali hajaacha kula miraa." Bado twajua alikuwa akila. Ifanye swali: "Ali ameacha miraa?" Bado. Kinachobaki hai baada ya ukanushi na swali ndicho dhana tangulizi.

Sasa chukua "Ali amenunua maembe Kongowea." Hiyo yalazimisha kwamba amenunua matunda. Kanusha: "Hajanunua maembe." Basi, huna lolote mkononi, labda amebeba machungwa, labda amerudi na kikapu kitupu.

Dhana tangulizi yenyewe ikiwa si kweli je? Hapo wanafalsafa wakubwa waligombana. Kwa mfano wa sentensi "Mfalme wa Ufaransa ana upara", ilhali Ufaransa haina mfalme, Russell (1905) alisema sentensi ni ya uongo. Strawson (1950) akasema si kweli wala si uongo. Mimi niko na Strawson. Ukiniambia Ali ameacha miraa na hajawahi hata kuionja, sitakujibu "uongo", nitakuuliza, "Kwani alikula lini, jamani?"