Kosa likipita, alaumiwe testa?

SWALI: Shikamoo dada. Huu ni mwaka wangu wa pili najaribu programu katika kampuni ndogo hapa Mwanza. Mwezi jana wateja kadhaa walikatwa pesa mara mbili kwa ununuzi mmoja. Bosi akaniita mbele ya wenzangu: "Wewe ulikuwa wapi?" Walioiandika wakanyamaza. Kazi huniletea Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi wateja wanaanza kuitumia. Je, kosa ni langu? Na wenzangu husema sisi ni watu wa kubofyabofya tu.
Testa aliyechoka, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kosa hukuliandika wewe, na siku ya kuruhusu itumike hukuipanga wewe. Lakini sitakuachia hapo, maana kuna sehemu yako.

Hao wa kubofyabofya kwanza. Mwaka 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwaunguza wagonjwa wawili wa saratani, wiki tatu kati ya mmoja na mwenzake. Wote wawili walikufa baadaye. Skrini ilionyesha "Malfunction 54", basi. Mafundi wa kiwanda walijaribu kuirudia hitilafu, ikakataa kutokea. Aliyeipata ni mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, akiwa na mama aliyeiendesha mashine. Waliketi, wakarudia na kurudia kuandika yale yale, hadi wakagundua siri iko kwenye vidole vya yule mama: kazi aliizoea, akawa anasahihisha X (mionzi ya eksirei) kuwa E (mionzi ya elektroni) upesi mno, kabla sekunde nane za mashine kujipanga hazijaisha. Mafundi walikuwa wakiandika polepole. Huko ndiko kubofyabofya, ukiwa na swali kichwani.

Yangu ni ndogo kuliko hiyo. Mwenye mkahawa mmoja hapa Dar alitumia programu yetu ya mauzo mwaka mzima bila lawama. Ikaja Ramadhani, akafungua mpaka daku, na hesabu zikaanza kukataa. Leo droo ina pungufu, kesho ina ziada. Akamshuku kijana wa zamu ya usiku. Zikipungua, kaiba, zikizidi, karudisha kwa woga! Ofisini wenzangu waliangalia mahesabu, wakasema programu iko sawa.

Nikaenda kukaa pale usiku. Nikaagiza chai ya maziwa na chapati mbili, nikatunza risiti: 02:10, yaani saa nane na dakika kumi. Asubuhi nikafungua ripoti, chai yangu iko kwenye mauzo ya jana. Kila kilichouzwa kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa kilihesabiwa siku iliyopita, kwa sababu seva, ile kompyuta kuu inayotunza mauzo, ilifuata saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Zamani mkahawa ulifungwa saa nne usiku, nani angeona? Kijana alikuwa karibu kufukuzwa. Na mimi niliyeipitisha ile ripoti nilikuwa nimeijaribu mchana tu, miezi yote hiyo. Lile lilikuwa langu.

Sasa pesa zako zilizokatwa mara mbili. Mchukue mteja mmoja, weka miamala yake miwili kando kwa kando. Imepishana sekunde ngapi? Kila mmoja una namba yake ya kumbukumbu? Ninavyohisi, mteja alibonyeza Lipa, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, akabonyeza tena. Programu ikatunga namba mpya, seva ikaona maombi mawili tofauti. Jaribu mwenyewe: bonyeza, zima data hapo hapo, washa, bonyeza tena. Ikitokea, wapelekee hatua zako zote na saa uliyofanya, usiseme tu "inakata mara mbili". Dawa yake ni namba moja kwa ununuzi mmoja, na seva ikiiona mara ya pili ikatae kukata.

Lakini hilo lilihitaji kuulizwa siku walipokuwa wanachora ubaoni: "Mtandao ukikatika katikati, inakuwaje?" Sentensi moja, kabla hata mstari mmoja haujaandikwa. Omba kukaa kwenye vikao hivyo. Wakisema hakuna kiti, simama mlangoni na daftari. Mimi nilisimama, mwisho walichoka kuniona nimesimama.

Na Alhamisi, mwandikie bosi kwa ufupi: nimejaribu hivi na hivi, sijagusa hivi kwa kukosa muda, kikiharibika mteja ataumia namna hii. Kuruhusu au kusubiri ataamua yeye, tena kwa maandishi. Akikuuliza ulikuwa wapi, mfungulie ile barua.

Halafu, hao wateja wameshalipwa pesa zao? Hujaniambia.