Lincoln ya 1964 iliyobadilishwa injini: ninunue?

Swali: Naishi Hamburg. Nimepata Lincoln Continental ya 1964, ile ya paa la turubai, ipo Rotterdam, Uholanzi, ikitokea California. Bei yake iko chini ya wenzake. Muuzaji anasema imefungwa injini ya kisasa, na paa halifunguki kwa sababu ya "fyuzi tu". Niichukue?

Jibu: Ndugu, hapo kuna matatizo mawili, na la injini ndilo zito. Gari lenye miaka 30 au zaidi, la aina isiyotengenezwa tena na ambalo mifumo yake mikuu haijabadilishwa, huingia Umoja wa Ulaya kwa namba ya forodha 9705: halina ushuru, na VAT ni 9% Uholanzi, 7% Ujerumani. Likishang'olewa injini yake ya asili, V8 ya lita 7, forodha wanaweza kulihesabu gari la kawaida. VAT inapanda hadi 21% au 19%, na huenda ukadaiwa ushuru pia. Mkaguzi wa Ujerumani naye anaweza kukunyima namba ya H, yaani ya magari ya kale, ambayo kodi yake ni euro 191.73 kwa mwaka hata injini iwe kubwa kiasi gani. Basi kabla ya kuongea bei, dai karatasi ya forodha: limelipiwa, na kwa namba ipi?

Sasa paa. Fyuzi tu? Husemwa hivyo mara nyingi. Buti hufunguka kuelekea nyuma, paa linajikunja na kuingia humo, kisha buti linajifunga. Kila hatua husubiri swichi ya hatua iliyotangulia, kwa hiyo swichi moja ikifa kila kitu kinagoma. Chaji betri, paa lifunguliwe na kufungwa mbele yako. Rilei ikilia "tik" bila kitu kusogea, tafuta swichi au waya. Pampu ikiunguruma na buti likapanda kwa kujivuta, oili imepungua au silinda inavuja. Waya zilizounganishwa kwa kuiruka swichi ni hatari zaidi: buti linaweza kushukia paa likiwa bado njiani.

Fungua pia mlango wa nyuma: kioo chake kinapaswa kushuka kidogo chenyewe.

Gari hili halina chesisi ya kando, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Pitisha sumaku chini ya milango. Isiponata, kuna puti juu ya kutu. Wipa nazo huendeshwa na oili ya pampu ya stering, kwa hiyo kagua mipira inayopitisha oili hiyo.

Namba ya utambulisho wa gari (VIN) ianze na 4Y86N. 86 ni paa la turubai. Ikiwa 82, lilizaliwa na paa la bati. N ni ile V8 ya lita 7. Muulize muuzaji kama bado anayo: ikiwepo, nzima na inauzwa pamoja na gari, mazungumzo yanaweza kuendelea.