Maswali ya Bustani: Kifusi, Mawe na Miche ya Nyumbani

SWALI: Ndugu Mtaalamu, tulihamia katika nyumba yetu hapa Dodoma miaka mitano iliyopita, na tangu wakati huo uwanja wa mbele haujaguswa. Umejaa kifusi kilichoachwa na mafundi, ndago na mbigili, na kwa kuwa unateremka kuelekea getini, kila msimu wa mvua maji huchimba mfereji na kuondoka na udongo wa juu. Natamani kutengeneza bustani ya mawe, lakini bei za miche zinanishinda, maji ya bomba ni ya mgawo, na mama mkwe wangu anasisitiza kwamba mawe yatatuletea nyoka. Nianzie wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Dada yangu, anza na miche, mawe yafuate baadaye. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu mawe ndiyo yanayoonekana, kisha hubaki na rundo lililo wazi ambalo magugu hulivamia kabla ya maua kufika. Kazi ya mawe ni ya siku chache na hufanyika wakati wowote wa kiangazi, ilhali kipandikizi huhitaji miezi miwili hadi minne kupata mizizi ya kutosha. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, hivyo kitalu kikianza mwezi huu wa Agosti, miche yako itakuwa tayari ardhi itakapolowa.

Mimea inayofaa huenda iko kwa majirani zako, na wengi watakupa tawi ukiomba vizuri. Omba machipukizi yanayoota kando ya mshubiri, matawi ya bogenvilia yaliyokomaa yenye unene wa penseli, ambayo utayakata kwa urefu wa sentimita 15 hadi 20, na jani moja au mawili ya sansevieria. Jani la sansevieria hukatwa vipande vya sentimita 7 hadi 10, na kila kipande hupandwa upande uliokuwa chini ukiwa chini. Kikigeuzwa, hakioti kabisa. Ikiwa unapenda ile aina yenye ukingo wa njano, usiizalishe kwa jani, kwa maana watoto wake watatoka kijani kitupu. Igawanye kwenye shina lake la chini ya udongo. Waridi la jangwani lipande kwa mbegu ukizipata, kwa kuwa mche wa mbegu hujenga lile tumbo nene la chini linaloupendezesha kuliko ule wa tawi. Huota lenyewe katika nyika zetu, lakini tafadhali usiling'oe porini.

Vipandikizi vya mimea yenye utomvu na majani manono visipandwe siku vilipokatwa. Viache kivulini siku tatu hadi saba mpaka jeraha likauke na kufunga utando, la sivyo vitaoza. Tumia viriba, au chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa chini, ukijaza mchanga wa korongo wenye chembe kubwa nusu kwa nusu na udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva, kisha mwagilia tu pale mchanganyiko unapokauka. Mimea hii hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu, na katika hilo mgawo wenu wa maji unakusaidia. Uwe mwangalifu na utomvu wa waridi la jangwani, ambao Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi huutumia kutengeneza sumu ya mishale, na zaidi na ule wa mnyaa, ambao ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mimi nisingepanda mnyaa mahali wanapocheza watoto. Mpungate pia uache: kule Laikipia, Kenya, ulioletwa kama pambo na uzio umeenea hadi kuwa balaa kwa malisho ya wafugaji.

Miche ikiwa kitaluni, geukia uwanja. Ndago usiifyeke, kwa kuwa kila kijitunguu kinachobaki ardhini huchipua upya, na kikichipua katikati ya mawe hutakifikia tena. Chimba kwa uma wa bustani baada ya kulowesha sehemu ndogo ndogo, ufuate kila uzi wa mzizi hadi kwenye kijitunguu kinachofuata, kisha rudia wiki chache baadaye. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo itakayoamua kama bustani hii itadumu. Kifusi usilipie lori kukiondoa. Toa misumari, vioo na plastiki, halafu vipande vya matofali na zege vitandaze chini kabisa, mahali ambapo bustani itasimama, viwe tabaka la kupitishia maji. Visikae karibu na mizizi, kwani saruji huongeza chokaa katika udongo.

Mawe nunua kwa wauzaji wa mawe ya msingi, au omba masalia kwa mafundi, lakini yawe ya aina moja. Dodoma ni nchi ya majabali ya matale, na jiwe lililopigwa jua na mvua kwa miaka hukaa vizuri machoni kuliko lililopasuliwa jana. Yapange kwa kukinga mteremko, makubwa chini, upande mpana ukilalia ardhi, na kila jiwe lizikwe angalau theluthi moja. Kisha liinamishe kidogo kuelekea nyuma, kilimani, ili mvua inayoligonga irudi kwenye udongo ulio nyuma yake badala ya kukimbilia getini. Hapo ndipo ule mfereji wako utakapokufa. Ukikanyaga jiwe likacheza, ling'oe ulipange upya. Tumia mtaimbo kuyainua, wala usiingize vidole chini ya jiwe, kwa ajili ya nge.

Mama mkwe wako ana hoja, ila mtuhumiwa wake wa kwanza awe kifusi kilichopo sasa. Nyoka hufuata panya na mianya ya kujificha, na rundo la matofali yaliyolegea huwapa vyote viwili. Shindilia udongo katika kila nafasi kati ya mawe, weka mimea mirefu mbali na mlango, na usiache mabaki ya chakula nje.

Panda baada ya mvua mbili tatu nzuri, kisha funika uso wa udongo kwa kokoto ndogo, kina cha sentimita 3 hadi 5, ili unyevu usipotee na shingo za mimea zisioze. Kiangazi, maji ya kuoshea mboga yanatosha. Ya sabuni ya kufulia usiyatumie, chumvi yake hujikusanya.

SWALI: Nimejenga bustani ndogo kwa mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ukuta. Majani ya iksora yamekuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, na samadi haijasaidia.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, mawe hayo ni chokaa, na udongo wenye chokaa nyingi huizuia mizizi ya iksora kufyonza madini ya chuma hata kama yamo tele, ndiyo maana samadi haikufua dafu. Hamishia iksora kwenye vyungu vyenye mboji, na nafasi yake wape mshubiri, waridi la jangwani na sansevieria, ambayo haisumbuliwi na chokaa. Ukihitaji mawe zaidi, nunua ya machimbo ya nchi kavu. Ya baharini hubeba chumvi, na kuvunja matumbawe hai ni kosa kisheria.