Dada, hesabu ni mara ngapi umeshika kisu

Juzi daktari mmoja kijana wa hapa Malindi aliniuliza kama asomee upasuaji au atafute fani "inayomfaa mwanamke". Nimemwambia asomee upasuaji. Ila nimempa na jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua.

Mafunzo ya ubingwa huu huchukua kama miaka 5, na kila rejista, yaani daktari aliye katika mafunzo hayo, ana daftari la kuandika operesheni alizoshiriki. Miezi yangu ya kwanza nilijiona nachapa kazi kweli: zamu za usiku, raundi, wagonjwa wakiniita sista hata baada ya kujitambulisha. Siku nilipoketi na daftari ndipo moyo uliponishuka. Jina langu lilikuwa kila ukurasa, lakini kama msaidizi: nimeshikilia kidonda kiwe wazi, nimenyonya damu. Mwenzangu wa kiume, tulioanza siku moja, alishatoa kidole tumbo mara kadhaa kwa mkono wake. Hakuna aliyenitukana. Kisu kilielekezwa kwake tu, naye akakipokea.

Basi hesabu, kila Ijumaa. Ipeleke hesabu kwa msimamizi wako ofisini, si njiani, na uombe operesheni kwa jina: "Kidole tumbo kinachofuata naomba nitoe mimi." Nilipolalamika kwa jumla niliambiwa nivumilie. Nilipofungua daftari mezani, ratiba ilipangwa upya wiki hiyo hiyo.

Uongozi nao una mtego wake. Kiongozi wa marejista aliteuliwa nikiwa ndiyo nimerudi kutoka likizo ya uzazi. Nikasikia baadaye kwamba walinipita kwa kunionea huruma, kwa sababu ya mtoto mchanga. Huruma ile sikuiomba, na iliniuma kuliko dharau. Wewe uliza mapema, kwa maandishi, vigezo ni vipi, na useme wazi kwamba nafasi unaitaka. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza mtu kubaguliwa kwa jinsia au ujauzito katika mafunzo na kupandishwa cheo. Sheria ya Afya ya 2017 inampa anayenyonyesha mapumziko ya kunyonyesha au kukamua maziwa, hadi jumla ya saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Mimi nilikuwa nikikamua maziwa chooni, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Usikubali hilo, mwanangu.

Sasa mkubwa ndani ya thieta ni mimi. Kabla hatujanawa mikono, nataja mbele ya wote nani atakata na nani atasaidia, na jina la jana silirudii leo.