Hedifoni ya zamani haijafa, mito yake ndiyo iliyooza

Mjomba aliponikabidhi hedifoni yake ya zamani alinipa pamoja na kitambaa kidogo cha pamba. Sikuuliza cha nini. Nilikaa nayo nusu saa, nikaivua, nikajifuta jasho, na kitambaa kikajaa vipande vyeusi vyembamba kama maganda ya kitunguu yaliyoungua. Vilikuwa vimenigandia mashavuni, nyuma ya masikio, hadi kwenye kola ya shati. Ngozi bandia ya mito, ile inayokaa masikioni, ilikuwa inabanduka kila ikiguswa, na chini yake kitambaa cha kijivu kilikuwa wazi.

"Mjomba, hii si imekwisha?" nikamuuliza.

"Sauti ipo, mjomba," akanijibu. "Mito ndiyo imekwisha."

Tangu siku hiyo nimebadili mito ya hedifoni nyingi, zangu na za watu, na jibu lake nimelirudia mara nyingi kwa mtu aliyekuwa tayari kutupa chombo kizuri. Spika ya hedifoni ya kawaida ni sumaku, koili ya waya mwembamba na kiwambo, yaani utando wa plastiki nyepesi mno unaotetemeka na kutoa sauti. Hakuna kinachosagana humo ndani. Isipolowa wala kupigishwa sauti kupita uwezo wake, itaimba miaka na miaka. Beyerdynamic ya Ujerumani ilitoa hedifoni ya DT 48 mwaka 1937, na hedifoni za miaka ya 1970 na 1980 bado zinapita mkono kwa mkono zikiwa na sauti safi.

Mto hauna umri huo. Sponji yake kwa kawaida ni poliyurethani, na unyevu wa hewani peke yake unatosha kuivunjavunja polepole: kwanza inanata, halafu inageuka unga. Joto, jasho na mafuta ya ngozi vinaharakisha tu. Ngozi bandia inayobanduka nayo mara nyingi ni utando wa poliyurethani uliopakwa juu ya kitambaa. Ile ya vinili ina ugonjwa mwingine. Kilainishi kilichotiwa kiwandani kinatoka kidogo kidogo, ngozi inakauka, inakuwa ngumu kama kadibodi, kisha inapasuka kwenye mshono. Najua wapo wanaoipaka mafuta ili irudi ulaini. Hairudi. Itang'aa siku mbili na kukuchafua nywele.

Kwa hiyo mto hauhitaji kuvaliwa ili uoze. Ukikuta mtu anauza mito ya asili iliyokaa kwenye pakiti yake miaka thelathini, usiifurahikie kabla ya kuibonyeza. Nimewahi kufungua pakiti ya namna hiyo, haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani, na sponji ikabaki na alama ya kidole changu. Haikuinuka tena.

Sasa niseme jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema. Mto wa hedifoni si wa kustarehesha sikio tu, ni sehemu ya sauti. Seti ya kwanza kabisa niliyonunua niliichagua kwa macho: minene, laini, yenye mshono mzuri. Nikaivisha, nikaweka wimbo ninaoujua nukta kwa nukta, na gitaa la besi halikuwepo. Sauti ya mwimbaji ilikuwa imesogea mbali kama mtu anayeimba chumba cha pili. Nilishikwa na hofu kwamba nimekata waya wakati wa kubandua mito ya zamani. Nilipokaribia kufungua kila kitu upya, nikaweka viganja juu ya vikombe vyote viwili, yaani maganda yanayobeba spika, na kukandamiza kidogo ili nisikie vizuri. Besi ikarudi yote kwa mkupuo. Nikaachia, ikaondoka.

Waya haukuwa na shida. Mito ile ilikuwa mipana kuliko kikombe kwa milimita chache, pindo lake, ule ukingo unaoshika kikombe, halikubana, na hewa ilikuwa inapita katikati ya mto na plastiki. Hedifoni iliyofungwa nyuma, yaani isiyo na matundu upande wa nje wa kikombe, inategemea hewa ndogo iliyozibwa kati ya spika na sikio, na ikipata upenyo, besi ndiyo ya kwanza kukimbia. Tena unene uliongezeka, spika ikawa mbali na sikio, na sauti ikabadilika kwa hilo pia. Mto uliolala hukosea upande wa pili: sikio linagusa kikombe, baada ya saa moja linauma, na mlio hauko tena kama mtengenezaji alivyoupanga.

Ndiyo maana nakusihi upime kabla ya kununua. Usiupime mto wa zamani, maana umeshavutika au umeshasinyaa. Pima kikombe chenyewe, pale pindo linaposhika: kipenyo kama ni cha duara, urefu na upana kama ni cha yai. Ukikosa kifaa cha kupimia, weka kikombe juu ya karatasi, zungushia penseli, pima kwa rula. Kisha pima tundu la katikati, kwa sababu sikio lako linatakiwa liingie humo, au litue juu yake kama hedifoni ni ya aina ya kukaa juu ya sikio. Ukilazimika kuchagua kati ya mto uliozidi kidogo na uliopungua kidogo, chukua uliopungua. Utavutika na kubana. Uliozidi utavuja kama wangu.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda sana: tafuta ndugu wa hedifoni yako ambaye bado anauzwa. Sony MDR-V6 ya mwaka 1985 haitengenezwi tena, lakini MDR-7506 iliyokuja 1991 inavaa mito ileile. Mwenye Sennheiser HD 580 anaweza kutumia mito ya HD 600 au HD 650. Watengenezaji wakipata umbo linalowafaa huwa hawaliachi upesi.

Kuhusu kitambaa cha mto, masikio yangu yamefikia hivi: kama hedifoni ilikuja na ngozi bandia, irudishie ngozi bandia. Mahameli ni ya raha, haitoi jasho, na wenye miwani wataishukuru kwa sababu haibani mikono ya miwani. Lakini inapumua, na inapopumua inapunguza besi ya hedifoni iliyofungwa nyuma. Ngozi halisi ya kondoo inadumu, ila ni nzito na huziba kuliko bandia, hivyo besi inaweza kunenepa. Hakuna kosa kuchagua kwa ladha yako. Kosa ni kubadili aina ya kitambaa halafu kuilaumu spika.

Wenye hedifoni nyepesi za sponji tupu, kama zile zilizokuja na Walkman ya kwanza, kicheza kaseti cha Sony cha kubeba, mwaka 1979, kazi yenu ni fupi: ng'oa sponji kuukuu, safisha, vuta mpya juu yake. Sennheiser HD 414 ya 1968, hedifoni ya kwanza ya nyuma wazi, inajulikana kwa sponji zake za njano, nazo zinavuliwa kwa mkono bila kifaa. Angalieni tu sponji mpya isiwe nene wala nzito kuliko ile iliyokuwepo.

Turudi kwenye mito ya pindo, maana hapo ndipo watu wanaumia. Kabla ya kugusa chochote piga picha pande zote mbili, karibu, kwenye mwanga. Kisha chunguza mto unashikwaje. Mingi ina pindo jembamba lililoingia kwenye mfereji unaozunguka kikombe. Mingine ina pete ya plastiki yenye vijino vinavyobofya. Mingine imegundishwa. Ya pindo inavuliwa kwa kidole. Ya vijino inasukumwa taratibu upande mmoja hadi usikie ikibofya. Iliyogundishwa ipulizie joto la mashine ya kukaushia nywele, ikiwa chini kabisa, halafu ivute polepole huku ukipitisha kijiti cha mbao chini yake.

Nasema mbao kwa makusudi. Nyuma ya wavu ule mwembamba kuna sumaku yenye nguvu, na bisibisi ya chuma ikisogea karibu inanyakuliwa mkononi kabla hujawaza. Kwenye hedifoni ya pili niliyoifanyia kazi, ncha ya bisibisi iliruka ikatua katikati ya wavu na kuacha kishimo. Ilikosa kiwambo kwa unene wa ukucha. Tangu hapo mezani kwangu kuna vijiti vya meno, kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, na vijiti vya pamba. Bisibisi inakaa droo nyingine.

Wakati wa kusafisha, geuza kikombe kitazame chini. Kila mtu huiweka hedifoni ikitazama juu ili aone vizuri, na kila chembe ya sponji iliyooza inaangukia kwenye spika. Ishike juu ya gazeti, brashi laini ipite kutoka chini, chembe zianguke zenyewe. Usipulize hewa ya kopo, usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Kiwambo ni chembamba kiasi kwamba mkupuo mmoja wa hewa unaweza kukibonyeza kikabaki na kunyanzi.

Mabaki yanayonata kwenye mfereji yanatoka kwa kijiti cha pamba kilicholowana spiriti kidogo. Kilowane, kisidondoshe. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu spiriti inaweza kufuta maandishi yaliyochapwa na kuna plastiki zisizoipenda. Asetoni na thina usivilete kabisa karibu, vitayeyusha kikombe. Safisha mfereji mpaka mwisho, hata kama unachosha. Kipande kimoja cha gundi kuukuu kilichobaki kinainua pindo jipya mahali hapo, na umeshajua hewa ikipita kinachotokea.

Mara nyingi juu ya spika utakuta kiduara cha sponji nyembamba, au karatasi, au kitambaa kama cha kofia ya sufu kilichoziba matundu fulani. Karatasi na kitambaa hicho viache kama vilivyo. Vimewekwa na mtengenezaji kupanga mlio, na ukivitoa kwa kudhani ni uchafu hutaweza kuurudisha. Sponji ile nyembamba ikiwa imekuwa unga, itoe uweke nyingine iliyo wazi sana. Mimi naijaribu kwa mdomo: naiweka mbele ya midomo na kupumua. Pumzi ikikwama hata kidogo, haifai.

Kuna hedifoni moja iliyonisumbua wiki nzima. Mito mipya, mfereji safi, lakini besi ikipiga upande wa kushoto kulikuwa na mkwaruzo kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Mwenyewe alikuwa ameshakubali kwamba spika imepasuka. Nikaichukua dirishani, nikailaza ili mwanga uipige kwa ubavu, nikatazama kupitia matundu ya wavu. Unywele mmoja, mfupi, ulikuwa umepenya tundu na ncha yake imelala juu ya kiwambo. Nikafunga kipande cha selotepu kwenye kijiti cha meno, gundi ikiwa nje, nikagusa mwisho uliochomoza, nikavuta. Ukatoka. Tulicheza wimbo uleule na mkwaruzo haukuwepo tena. Mpaka leo, kabla ya kuvisha mto mpya, naangalia kila kikombe dirishani namna ile.

Kuvisha pindo kunahitaji subira kuliko nguvu. Mto ukiwa mkavu na baridi, upashe kidogo kwanza, hata kwa kuukalia dakika tano. Anza chini ya kikombe: ingiza pindo kwenye mfereji, libane kwa kidole gumba, endelea pande zote mbili kwa pamoja ukipanda juu. Robo ya mwisho ndiyo ngumu. Usivute mshono, hapo ndipo mto unapochanika. Pitisha kona ya kadi ya plastiki chini ya pindo, lisukume ndani ya mfereji kidogo kidogo, kama unavyovisha tairi la baiskeli kwenye rimu. Ukishika, uzungushe mto mpaka mshono ukae chini, na kama una upande mnene, mnene uende nyuma ya sikio. Kwa mito ya kugundisha tumia selotepu ya pande mbili iliyokatwa mduara. Gundi kali ya kukauka papo hapo usiithubutu: mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na safari ijayo mto hautatoka salama. Badili mito yote miwili siku moja, hata kama mmoja unaonekana mzima, la sivyo sikio moja litasikia kitu kingine.

Kisha sikiliza. Weka wimbo ambao mwimbaji yuko katikati, uone kama anakaa katikati ya kichwa chako. Akiegemea upande mmoja, pindo la upande mwingine huenda limekunjika. Halafu cheza mlio mzito, wa hezi 50 hivi, na ukandamize vikombe kwa viganja kama nilivyofanya siku ile. Besi ikiongezeka sana, bado kuna upenyo, zunguka na kadi tena. Isipobadilika sana, umemaliza. Sponji mpya italala kidogo wiki za mwanzo na mlio utatulia nayo, kwa hiyo usiihukumu siku ya kwanza.

Mito ya zamani usiitupe mpaka utosheke na mipya. Yangu ya mwanzo ipo kwenye bahasha, ni mibovu lakini imenisaidia kulinganisha unene mara tatu. Na ile niliyovisha hedifoni ya mjomba nimeiandikia mwezi na mwaka kwa kalamu, upande wa ndani wa pindo, mahali atakapopaona mtu wa kwanza atakayeivua.