Diwani mpya, dai kasma ya vifaa mapema

Madiwani wapya wa huku Nyanda za Juu Kusini wananipigia simu wakiuliza jambo lile lile: wafanyeje ili halmashauri ya mji wao ipate mashine na kompyuta zinazofanya kazi, maana kila wakidai wanaambiwa fedha hakuna. Nilikaa Kamati ya Fedha vipindi viwili, katika mji ambao sitautaja. Ninachowajibu ni kwamba vifaa huletwa mezani mgawo ukiwa umeshakwisha. Daini kasma ya vifaa, yaani fungu lake la fedha, iwepo kwenye bajeti ya maendeleo kila mwaka, hata kama ni ndogo, na mtu akitaka kuihamishia kwingine muitetee.

Najua kazi ilivyo ngumu. Wananchi wamejichangisha, wamenyanyua boma la darasa hadi lenta, wanasubiri bati. Diwani gani atasimama mbele yao aseme fedha zimeenda kununua seva? Kwa hiyo usishindanishe kifaa na darasa. Onyesha kifaa kinaingiza nini, au kukosekana kwake kunapoteza nini.

Chukua mashine za kukusanyia mapato, zile tunazoziita POS. Nenda geti la ushuru wa mazao alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda. Utamkuta kijana ameshika mashine ambayo betri yake imevimba hadi mfuniko haufungi, ameuzungushia mpira wa kufungia noti. Saa tatu asubuhi chaji imekwisha. Anakimbia kwenye kibanda cha jirani kuichomeka, na huku nyuma malori ya viazi yamepanga foleni na madereva wanapiga honi. Risiti za kuandika kwa mkono haziruhusiwi, na lori la viazi haliwezi kushikiliwa hadi betri ijae. Linapita.

Sasa piga hesabu mbele ya kamati. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ni asilimia 2 na wa mazao ya biashara asilimia 3. Tuseme lori limebeba viazi vya shilingi milioni 8: ushuru wake ni 160,000. Malori matano yakipita bila kulipa asubuhi moja, mji umepoteza 800,000. Mwombe Mweka Hazina akuletee makusanyo ya geti hilo siku kwa siku, uone siku ambazo mashine ilizima. Karatasi hiyo moja itawashawishi madiwani wenzako kuliko hotuba yoyote.

Hatua inayofuata ni daftari la mali za kudumu. Liombe kwa maandishi, na uangalie mwaka kila kifaa kiliponunuliwa, kiko kwa nani na hali yake. Kama mji una kompyuta 60 na kila moja inategemewa miaka mitano, mahitaji ni kompyuta 12 kila mwaka, na fedha yake unaweza kuitabiri. Ukikaa miaka mitano bila kununua, zote zitakufa kwa pamoja, na hapo hakuna baraza litakalokubali kutoa fedha ya kompyuta 60 kwa mkupuo.

Gharama ya kununua ni sehemu tu. Niliwahi kuingia chumba kimoja cha kituo cha afya nikakuta mashine ya ultrasaundi bado imevikwa nailoni yake. Soketi ya chumba haikuwa na waya wa ethi, stabilaiza haikununuliwa, na hakukuwa na mtumishi aliyefundishwa kuitumia. Wajawazito walikuwa wanapanda gari kwenda hospitali ya wilaya, na mashine ipo ukutani! Jambo hili linaniuma mpaka leo. Kila ombi la kifaa liandikwe pamoja na umeme wake, mafunzo yake, matengenezo, vocha za data na karatasi za risiti. Ununuzi unakaa kwenye maendeleo, na vingine vingi vinakaa kwenye matumizi mengineyo, yaani fedha za uendeshaji wa kila siku. Pande mbili hizo zisiposomana, kifaa kitalala.

Kuhusu chanzo cha fedha, tegemea mapato ya ndani. Ruzuku nyingi huja na maelekezo yake. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni ya kisheria, usiiguse. Usipoteze pia muda kudai greda la barabara, maana kazi hiyo ilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Lori la taka ndilo letu. Wengine wananiuliza kuhusu hatifungani, yaani kukopa kwa wawekezaji na kuwalipa riba, kama ile ya mamlaka ya maji ya Tanga iliyozinduliwa mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10. Kwa mabomba na matangi inafaa, kwa sababu yatakuwepo deni likiisha. Kompyuta itakuwa imeshatupwa na mji bado unalipa riba.

Halafu kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi, lakini baraza hupitisha bajeti Januari au Februari, na kabla ya hapo wataalamu wameshaingiza takwimu kwenye PlanRep, mfumo wa kuandalia mipango na bajeti. Ukisubiri Januari umechelewa. Peleka hoja kwenye kikao cha robo mwaka kuanzia Septemba, na mshirikishe Afisa TEHAMA mapema, kwa kuwa miradi ya mifumo ya kompyuta ina taratibu zake za Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Kwenye mpango wa ununuzi, sisitiza vifaa viwekwe robo ya kwanza ya mwaka wa fedha. Huku kwetu ushuru wa mahindi unaingia vizuri baada ya mavuno, kuanzia Juni. Zikinyesha za Novemba makusanyo yanapungua, na kasma isiyotumika ndiyo ya kwanza kukatwa. Zabuni inapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na ina siku zake, kwa hiyo muulize mkuu wa kitengo cha ununuzi mwezi Mei kama maelezo ya kiufundi ya kila kifaa yameshaandikwa. Akisema bado, omba yaletwe kwenye kikao cha kamati kinachofuata.